Pole, Samahani na Nimekosa: Wajapani na Wamarekani Mbele ya Msiba

Alasiri ya tarehe 9 Februari 2001, kusini mwa kisiwa cha Oahu katika visiwa vya Hawaii, nyambizi ya kijeshi ya Marekani iitwayo USS Greeneville ilikuwa ikiwaonyesha wageni wake 16 wa kiraia jinsi inavyoweza kuibuka kwa ghafla kutoka kilindini. Iliibukia chini ya Ehime Maru, meli ya mafunzo ya shule ya sekondari ya uvuvi ya mji wa Uwajima, Japani, ikaipasua na kuizamisha kwa muda wa dakika chache tu. Kati ya watu 35 waliokuwa ndani yake, 26 waliokolewa na 9 walifariki, wanne wao wakiwa wanafunzi.

Serikali ya Marekani haikukawia kuomba radhi. Rais George W. Bush alimpigia simu waziri mkuu wa Japani, waziri wake wa mambo ya nje akasema maneno ya majuto, na baadaye mwezi huohuo Admirali William Fallon akatumwa Japani kama mjumbe maalumu, akainama mbele ya jamaa wa waliopotea. Hata hivyo, familia za Uwajima zilikuwa zikimsubiri mtu mmoja tu, naye alikuwa nahodha wa nyambizi, Kamanda Scott Waddle, aliyekuwa kwenye darubini dakika zile na hakuiona meli. Waddle alikuwa kimya. Alipotoa taarifa yake ya kwanza, ilisema kwamba anasikitika sana kwa yaliyotokea. Kule Japani taarifa hiyo iliwaudhi wafiwa kuliko kimya chenyewe, kwa kuwa mtu husikitika hata kwa mvua iliyoharibu mazao, ilhali wao walitaka kumsikia aliyeshika usukani akisema na wao.

Kwa wakili wa Kimarekani, tahadhari ile ilikuwa busara ya kawaida, kwa sababu baraza la uchunguzi la jeshi la majini lilikuwa linakuja na kila neno la nahodha lingeweza kugeuzwa ushahidi dhidi yake. Kwa mzazi aliyeketi hotelini Honolulu akisubiri mwili wa mwanawe, ulikuwa ukatili. Pande zote mbili zilikuwa na adabu zake na kila upande ulifuata adabu iliyofundishwa nyumbani kwake. Ndiyo maana nadhani tukitaka kuelewa tofauti ya thamani za jamii hizi mbili tuwaangalie wanavyoomba radhi, badala ya kurudia ule msemo uliochakaa kwamba Mmarekani ni mtu wa nafsi yake na Mjapani ni mtu wa kundi lake. Msemo huo una ukweli wake, lakini hautuambii kwa nini mtu mwema afumbe mdomo mbele ya mama aliyefiwa.

Msomaji wa Kiswahili anaingia katika mjadala huu akiwa na zana ambayo Mwingereza na Mmarekani hawana. Lugha yetu imetenganisha mambo matatu ambayo neno moja la Kiingereza, *sorry*, limeyabeba yote. Tuna *pole*, ambayo hupewa mtu aliyepatwa na jambo, hata kama anayeisema hakuhusika kabisa. Tuna *samahani* na *niwie radhi*, ambazo hutengeneza uhusiano uliotikisika, uwe umetikiswa kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Na tuna *nimekosa*, ambayo ni ungamo lenye uzito wake. Mgeni kutoka Marekani akijikwaa njiani Zanzibar au Mombasa na wapita njia watatu wakamwambia pole, mara nyingi hujibu kwa mshangao kwamba si kosa lao. Wenyeji hubaki wakitazamana, maana hakuna aliyezungumzia kosa. Kisa hicho kidogo, ambacho kila anayeishi na wageni amekiona, kinabeba sehemu kubwa ya hoja yangu: Mmarekani amelelewa kusikia ungamo mahali ambapo sisi tunasikia huruma.

Mjapani angeelewa pole ile mara moja. Neno lake la kila siku, *sumimasen*, hutumika kumwita mhudumu hotelini, kumshukuru aliyekuinulia mzigo na kumtuliza uliyemkanyaga, na asili yake ni kusema kwamba jambo halijaisha, kwamba mimi na wewe bado tuna deni lisilolipwa. Jambo likiwa zito husemwa *moshiwake arimasen*, yaani sina la kujitetea. Angalia kwamba maneno yote mawili hayatoi maelezo ya tukio. Yanamtazama aliyeumizwa na kumwambia kwamba msemaji anajua mahali alipo. Anayeomba radhi Japani kisha akaanza kueleza sababu huonekana ameiharibu radhi yake, hata kama sababu hizo ni za kweli.

Tarehe 14 Novemba 2017, treni ya Tsukuba Express iliondoka kituo cha Minami-Nagareyama sekunde 20 kabla ya wakati wake, na kampuni ikatoa taarifa rasmi ya kuomba radhi. Magazeti ya Marekani na Ulaya yalicheka kwa mapenzi, kama watu wanavyocheka mtoto mwenye nidhamu kupita kiasi. Nadhani yalikosea kuchukulia jambo lile kuwa la saa na dakika. Abiria hakuwa amelalamika wala hapakuwa na aliyeumia, ila utaratibu ambao watu waliahidiana ulikuwa umevunjwa, na aliyeuvunja alitakiwa kusema kabla hajaulizwa. Mwaka 1997, kampuni kongwe ya hisa ya Yamaichi ilipoanguka, rais wake, Shohei Nozawa, alisimama mbele ya waandishi wa habari akalia kwa machozi akisema kwamba wenye makosa ni viongozi na wafanyakazi hawana hatia. Alikuwa amekalia kiti kile kwa miezi michache tu, na madeni yaliyofichwa yalikuwa yamerundikwa na waliomtangulia. Kwa hesabu ya Kimarekani alikuwa mtu wa mwisho kupaswa kulia. Kwa hesabu ya Kijapani kiti ndicho chenye deni, na aliyekikalia ndiye analilipa.

Mfano mzito zaidi ni ule wa ndege ya shirika la Japan Airlines, safari namba 123, iliyoanguka katika milima ya mkoa wa Gunma tarehe 12 Agosti 1985 na kuua watu 520 kati ya 524. Rais wa shirika, Yasumoto Takagi, aliinama mbele ya jamaa wa marehemu wakati wachunguzi hata hawajakaribia kumaliza kazi yao, kisha akajiuzulu. Wafanyakazi wa shirika walipangwa kuhudumia familia, wakawasindikiza kutambua miili na kushiriki mazishi, na baadhi yao walipokelewa kwa matusi. Baadaye ilithibitika kwamba chanzo kilikuwa ukarabati mbovu wa ukuta wa nyuma wa kuzuia mgandamizo wa hewa, uliofanywa mwaka 1978 na mafundi wa Boeing, mtengenezaji wa ndege yenyewe, baada ya ndege hiyo kuburuza mkia ilipotua Osaka. Boeing ilikiri kasoro ya ukarabati huo wiki chache tu baada ya ajali. Kwa hiyo picha iliyobaki ni ya Mjapani anayeinama kwa kosa ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa la mwingine, na ya kampuni ya Kimarekani inayokiri jambo la kiufundi kwa lugha ya kiufundi. Mwaka 2006 Japan Airlines ilifungua kituo cha usalama karibu na uwanja wa Haneda ambapo mabaki ya ndege ile, ukuta ule uliopasuka ukiwamo, yanaonyeshwa kwa wafanyakazi, wengi wao wakiwa hawakuwa wamezaliwa mwaka 1985.

Ingekuwa rahisi kukomea hapa na kumhukumu Mmarekani kuwa na moyo mgumu. Hukumu hiyo ingekuwa ya uvivu. Tabia ya kunyamaza baada ya ajali imejengwa na mambo ya dunia ya kweli, na la kwanza kati yake ni gharama. Japani imekuwa na bima ya afya inayowafikia raia wote tangu mwaka 1961; aliyegongwa na gari hutibiwa bila kumfilisi mtu. Nchini Marekani, aliyevunjika mguu hukabidhiwa hesabu ya hospitali ambayo mara nyingi hawezi kuilipa mpaka apatikane mtu wa kumshtaki, na aliyegonga hujua hilo, na kampuni yake ya bima hujua zaidi, ndiyo maana humwonya asikiri lolote pale barabarani. La pili ni mahakama yenyewe. Kesi za madai huweza kuamuliwa na baraza la wazee wa mahakama kumi na wawili au pungufu, raia wa kawaida ambao sentensi moja ya "nimekosa" itawashinda kuisahau. Marekani ina mawakili zaidi ya milioni 1.3, Japani, yenye watu wapatao theluthi moja ya wale wa Marekani, haina hata mawakili 50,000. Mtu anayeishi katikati ya mawakili wengi kiasi hicho hujifunza kupima maneno kama mfanyabiashara wa dhahabu.

Lakini Wamarekani wenyewe wamehisi kwamba kuna kitu kimepotea. Mwaka 1986 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria iliyosema kwamba maneno ya huruma kwa aliyeumia katika ajali hayatakubaliwa kuwa ushahidi wa hatia. Nyuma ya sheria hiyo alikuwapo seneta mmoja wa jimbo ambaye binti yake aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli katika miaka ya 1970 akafariki, na dereva hakuwahi kumwambia baba huyo neno, kwa hofu ya mahakama. Baadaye majimbo mengi yalifuata, na tukizisoma sheria zao kwa macho ya Kiswahili tunaona jambo la kuchekesha na la kusikitisha kwa pamoja: wabunge wa Marekani walilazimika kuandika vifungu vizima ili kutenganisha pole na nimekosa. California inalinda pole peke yake. Mtu akisema pole kisha akaongeza kwamba yeye ndiye aliyepita taa nyekundu, nusu ya pili ya sentensi itasomwa mahakamani. Colorado, kwa upande wa madaktari, inalinda yote mawili. Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan, ambazo mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilianza kuwaeleza wagonjwa makosa yaliyofanyika na kuwaomba radhi pale zilipokosea, ziliona mashtaka yakipungua badala ya kuongezeka. Sishangai.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoisifu Japani bila kituo. Radhi inayotolewa haraka inaweza kuwa mfuniko. Katika mji wa Minamata, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi, na kuanzia mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu ukatambuliwa rasmi miongoni mwa wavuvi na watoto wao. Mwezi Oktoba 1959 daktari wa kiwanda hichohicho, Hajime Hosokawa, aliyekuwa akiwalisha paka maji taka ya kiwanda, aliona mmoja wao ameugua ugonjwa uleule. Matokeo yake yalifichwa. Tarehe 30 Desemba mwaka huohuo kampuni iliwapa wagonjwa fedha zinazoitwa *mimaikin*, ambazo tafsiri yake bora kwetu ni fedha za pole, kwa mkataba uliosema kwamba hata ikija kugundulika kuwa maji ya kiwanda ndiyo chanzo, hawatadai fidia nyingine. Wagonjwa walikuwa maskini, na mwaka mpya ulikuwa kesho kutwa. Walitia saini. Ilibidi waende mahakamani, jambo ambalo majirani zao wengi waliliona kuwa ni kuvunja amani ya mji, na mwaka 1973 mahakama ya wilaya ya Kumamoto iliubatilisha mkataba ule kwa kuwa ulikwenda kinyume cha maadili ya umma. Rais wa Chisso alipiga magoti mbele ya wagonjwa baada ya hukumu. Miaka kumi na minne kabla yake, kampuni iliyajua yaliyothibitishwa na paka yule na ikatoa pole.

Hata katika jinai, kuthaminiwa kwa toba kuna upande wake wa giza. Sheria ya Japani inamruhusu mwendesha mashtaka kuacha kumshtaki mtu kwa kuangalia, pamoja na mengine, alivyoenenda baada ya kosa, na mwenye kukiri, kuomba radhi na kumlipa aliyemkosea mara nyingi hurejea nyumbani kwake. Ni utaratibu wenye ubinadamu mwingi kwa aliyekosa kweli. Kwa asiye na hatia ni mtego, kwa sababu anayekataa kukiri huonekana mtu asiye na majuto. Iwao Hakamada, aliyekuwa bondia, alikamatwa mwaka 1966 kwa mauaji ya familia ya watu wanne, akahojiwa kwa siku nyingi mfululizo mpaka akakiri, akakana mahakamani, na mwaka 1968 akahukumiwa kifo. Aliachiliwa mwaka 2014, na mnamo Septemba 2024 mahakama ikamtangaza hana hatia na kusema kwamba ushahidi ulibuniwa na wachunguzi. Mwezi uliofuata mkuu wa polisi wa mkoa wa Shizuoka alikwenda kumwona, akainama mbele yake. Hakamada alikuwa na umri wa miaka 88. Kuinama kule kulikuwa kwa dhati, sina shaka, lakini ungamo la uongo lililompeleka gerezani lilitokana na utamaduni uleule unaotaka sana kumsikia mtu akisema nimekosa.

Mfumo wa Kimarekani, pamoja na ubaridi wake, una nguvu ya kuchimba. Kampuni ikikataa kusema, wakili wa mfiwa anaweza kuilazimisha itoe barua na nyaraka zake za ndani, na hapo ndipo mengi tunayojua kuhusu maovu ya makampuni yalipofichuliwa. Afrika Mashariki inalijua jambo hili kwa machungu. Ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, iliyokuwa ikielekea Nairobi, ilianguka tarehe 10 Machi 2019 na kuua watu wote 157, Wakenya 32 wakiwamo, ambao walikuwa wengi kuliko raia wa taifa lingine lolote. Zaidi kidogo ya miezi minne kabla yake ndege nyingine ya Boeing 737 MAX ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Mkuu wa Boeing, Dennis Muilenburg, alipofika mbele ya maseneta mjini Washington mnamo Oktoba 2019, wafiwa walikaa nyuma yake wakiwa na picha za marehemu. Aliomba radhi akiwatazama maseneta. Alipokuwa akitoka, mama mmoja aliyempoteza binti yake alimwambia ageuke na kuwatazama watu anapowaambia samahani. Akageuka.

Nimelifikiria sana tukio lile. Huyo mama alikuwa Mmarekani, raia wa nchi ambayo tunaambiwa haijali uso na ishara, na alichodai ndicho hasa walichodai wazazi wa Uwajima miaka 18 kabla yake. Mwezi Novemba 2021, katika mahakama ya shirikisho mjini Chicago, Boeing ilikubali kimaandishi kwamba inawajibika kwa vifo vya safari 302, na familia za kigeni zikaruhusiwa kudai fidia hukohuko Illinois. Mahakama ilizipa familia lile neno nimekosa, tena kwa wino. Wao walikuwa wameligawa hitaji lao katika sehemu mbili tangu mwanzo, na sehemu ya kwanza, ya kutazamwa usoni, hakuna jaji awezaye kuiandikia amri.

Mataifa yenyewe yanaonyesha jambo hilohilo kwa sura iliyogeuzwa. Marekani, inayonyamaza barabarani, ndiyo iliyopitisha mwaka 1988 sheria ya kuwaomba radhi raia na wakazi wake wenye asili ya Japani, ambao watu wapatao 120,000 kati yao walifungiwa kambini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ikamlipa kila aliyekuwa hai dola 20,000 pamoja na barua ya rais. Ilikuwa radhi ya Kimarekani hasa: kifungu cha sheria, kiasi cha fedha, kosa lililotajwa kwa jina. Japani, inayoomba radhi kwa sekunde 20, imeomba radhi mara kadhaa kwa Wakorea na Wachina, maarufu zaidi ikiwa ile ya waziri mkuu Tomiichi Murayama mwaka 1995, na bado majirani zake wanalalamika kwamba haijasema kwa uwazi wa kutosha ni nani alifanya nini. Nayo Marekani, alipofika Rais Obama Hiroshima mwaka 2016, ilimkumbatia mzee aliyenusurika bomu la atomiki na haikuomba radhi. Huo ulikuwa mpaka kati ya pole na nimekosa, uliochorwa kwa uangalifu mkubwa sana.

Turudi baharini. Mwishoni mwa Februari 2001 Waddle aliandika barua kwa familia na kuzipeleka yeye mwenyewe kwa ubalozi mdogo wa Japani huko Honolulu. Mbele ya baraza la uchunguzi aliomba kinga ili atoe ushahidi, akanyimwa, akatoa ushahidi hata hivyo, na akawaomba radhi jamaa waliokuwamo ukumbini. Hakufikishwa katika mahakama ya kijeshi. Alipewa karipio la maandishi na kustaafu mwaka huohuo, adhabu ambayo wafiwa wengi waliiona nyepesi mno. Jeshi la majini la Marekani, ambalo humo humo Oahu limeiacha meli ya kivita ya Arizona, iliyozamishwa na Wajapani, na mabaharia wake chini ya maji tangu mwaka 1941 kama kaburi lao, lilikubali kuiinua Ehime Maru kutoka kina cha takriban mita 600 kwa sababu Wajapani walitaka miili yao. Miili minane ilipatikana kati ya tisa.

Mnamo Desemba 2002, akiwa raia wa kawaida, Waddle alisafiri mpaka Uwajima. Si familia zote zilizotaka kumwona. Alikwenda kwenye mnara wa kumbukumbu katika shule ya uvuvi, akaweka maua, akainamisha kichwa, kisha akayasoma majina ya marehemu kwa sauti, moja baada ya jingine, mpaka la tisa.